Aiskrimu ya vanila kwa mashine ndogo: usiiuze kwanza, angalia baridi yako inaishia wapi

Mkuu umeuliza kwamba una ile mashine ndogo yenye bakuli la kulaza friza, unatengeneza vanila, ikitoka ni majimaji tu na ukiiweka friza asubuhi unakuta jiwe lenye chengachenga za barafu, sasa unataka kujua kama uiuze ununue ya kompresa, ile yenye mtambo wake wa baridi ndani. Na mwingine naye kauliza kama inawezekana bila mayai, huyo nitamjibu mwishoni.

Mimi nasema usiiuze. Natumia ya aina hiyohiyo na vanila yake haijaniaibisha mbele ya wageni, ila hivi vimashine havina msamaha, lazima ujue vinafanyaje kazi.

Kwanza kabisa hiyo mashine yako haitengenezi baridi. Ya kompresa inazalisha baridi muda wote inapozunguka, ya kwako ina mota ya kuzungushia basi. Baridi yote iko kwenye yale maji maalumu yaliyofungiwa katikati ya kuta mbili za bakuli, yaani ni kama pesa ya mfukoni, ikiisha imeisha mpaka ulirudishe bakuli friza usubiri tena kesho. Kwa hiyo kazi yako kubwa ni kuhakikisha ile baridi haipotei kwenye mambo ambayo friji ya kawaida ingeyafanya yenyewe. Karibu kila kitu ninachoandika huku chini kinatokana na hapo.

Na kwa nini tunahangaika na baridi kiasi hicho? Kwa sababu ya maji yaliyomo kwenye maziwa. Yakiganda haraka huku yanakorogwa yanatoa punje za barafu ndogondogo mno, nyingi, ulimi hauzisikii, unasikia ulaini tu. Yakiganda polepole punje zinakuwa chache lakini kubwa, ndizo hizo chenga zako. Kwa hiyo ikitoka majimaji kwenye mashine halafu ukaiachia friza imalizie kazi, friza inagandisha taratibu tena bila kukoroga, lazima upate chenga, hapo hata ungetumia krimu ya bei gani.

Sasa bakuli. Masaa 24 friza, na friza yenyewe iwe nyuzi 18 chini ya sifuri, usinilazie jioni ukalitoa asubuhi. Liweke kule nyuma kabisa, mbali na mlango. Ukitaka kuhakikisha litikise karibu na sikio, ukisikia maji yanacheza ndani bado halijawa tayari. La kwangu linaishi humo friza moja kwa moja, nimelifunga kwenye mfuko wa nailoni lisishike harufu ya nyama. Na usilitoe halafu ndio uanze kutafuta kikorogeo kiko wapi, jamani, dakika tano za joto la jikoni ni hasara kubwa. Liingie friza likiwa kavu pia, ukilirudisha na maji ya kuoshea unapata tabaka la barafu ukutani na hilo linazuia baridi isifike kwenye miksi, yaani ule mchanganyiko wako wa maziwa na krimu.

Vipimo vyangu kwa bakuli la lita 1: krimu nzito isiyo na sukari mililita 250, maziwa yenye mafuta yake yote mililita 250, sukari gramu 100, viini vya mayai 3, chumvi ya kubana kwa vidole, na vanila. Jumla inakaribia mililita 600 na usizidishe hapo, kwa sababu inapokorogwa inaingiza hewa inavimba, na bakuli likijaa sana hiyo baridi ya akiba haitoshi kwa mzigo wote. Kama bakuli lako ni la nusu lita gawa vyote kwa mbili, hicho kiini cha tatu piga-piga umimine nusu yake.

Najua utataka kupunguza sukari, kila mtu anataka, na nahisi jiwe lako limetokea hapo. Sukari kwenye aiskrimu haipo kwa ajili ya utamu peke yake. Ikiyeyuka kwenye maji inafanya sehemu ya yale maji isigande hata kwenye baridi kali ya friza, ndio maana kijiko kinaingia. Ukiikata nusu maji karibu yote yanaganda na unaanza kupigana nayo kwa kisu. Halafu baridi inapunguza ladha mdomoni, hivyo miksi ikiwa ya vuguvugu itakuwa tamu kupitiliza na ikishaganda itakuwa sawa, vumilia tu. Kijiko kimoja cha asali badala ya kiasi hichohicho cha sukari kinailainisha zaidi, ila asali ina ladha yake itakayomfunika vanila kwa hiyo mimi siweki. Kama krimu uliyopata ni nyepesi ongeza vijiko viwili vya chakula vya maziwa ya unga, yanasaidia kushika maji, ukizidisha sana inakuwa kama ina mchanga. Kutumia maziwa matupu bila krimu sahau, utapata barafu ya maziwa.

Kupika: pasha maziwa na nusu ya krimu mpaka yanataka kuchemka, zima. Viini piga na sukari mpaka vipauke. Mimina maziwa ya moto kwenye viini kidogokidogo huku unakoroga, ukimwaga yote kwa pupa umejitengenezea mayai ya kuvuruga. Rudisha sufuria kwenye moto mdogo, koroga na mwiko bila kuondoka, simu weka pembeni, mpaka iwe nzito ishike mgongo wa mwiko na ukipitisha kidole ule mstari unabaki. Kwa kipimajoto ni nyuzi 82 hivi, ukipita 85 viini vinaanza kukatika. Chuja, kisha mimina ile krimu iliyobaki ikiwa baridi ya friji, hiyo inasimamisha upishi papo hapo. Kalisha sufuria kwenye beseni la maji ya barafu mpaka ipoe, funika, tia friji, LALA.

Hapo kwenye kulala ndipo watu wengi wanapokata kona. Miksi ikikaa friji usiku kucha mafuta yanaganda, protini za maziwa zinafyonza maji, inakuwa nzito zaidi kuliko ulivyoiacha, na kikubwa inafika kama nyuzi 4. Ukiiweka kwenye bakuli ikiwa na nyuzi 20 kwa sababu "imeshapoa", zile nyuzi 16 zote bakuli litazilipa kwenye akiba yake kabla hata chembe moja haijaganda. Halafu unalaumu mashine.

Kuhusu vanila yenyewe. Ukiwa na ya maganda, pasua, kwangua zile mbegu, tumbukiza mbegu na ganda kwenye maziwa ya moto ufunike nusu saa kabla ya kugusa mayai. Ganda ukishalitoa osha ukaushe ulifukie kwenye kopo la sukari, bado lina harufu ya kutosha. Ya chupa weka vijiko viwili vya chai miksi ikishapoa, ukiiweka kwenye moto harufu inaondoka na mvuke. Kama ndio unajifunza tumia ya chupa, maganda ni ghali kwa sababu ua la vanila linafunguka siku moja tu na linachavushwa kwa mkono, moja moja, kwa ile njia aliyoigundua Edmond Albius mwaka 1841 kisiwani Réunion, mtoto wa miaka 12 na bado mtumwa, huwa namkumbuka kila nikipasua ganda. Sio kitu cha kuharibia kwenye majaribio.

Siku ya kukoroga washa mashine KWANZA ndio umimine. Ukimimina ikiwa imesimama miksi inagandia ukutani papo hapo na kikorogeo kinakwama, mota inalia bure. Inachukua kati ya dakika 15 na 25. Ukiona imekuwa nzito kama ile aiskrimu laini ya koni, kikorogeo kinaacha mifereji isiyofunga, toa. Usisubiri iwe ngumu humo ndani maana haitakuwa, inaishia kama nyuzi 5 chini ya sifuri. Nusu saa ikipita na bado ni uji, akiba imeisha, kuendelea ni kuipasha joto tu na krimu inaweza kuanza kutoa vidonge vya siagi. Irudishe friji, ligandishe bakuli upya, koroga kesho, haijaharibika.

Kuhamisha fanya haraka, kwenye vyombo viwili vipana vya kina kifupi ulivyovilaza friza kabla. Bandika nailoni juu ya uso wa aiskrimu kabisa, hewa isikae katikati, funika, sukuma nyuma friza. Masaa manne inatosha. Mlangoni usiweke, kila ukifungua inayeyuka kidogo inaganda tena na punje zinakua. Wiki mbili iwe imeliwa (kwangu haifiki).

Kompresa nunua kama unataka kutengeneza mizunguko miwili mitatu siku moja bila kusubiri bakuli, hapo kweli hakuna ubishi. Ila ni zito, linakula nafasi, na miksi mbovu litakutolea aiskrimu mbovu vilevile.

Aliyeuliza bila mayai: inawezekana, Wasicilia kule Italia gelato yao ya asili, yaani aiskrimu ya Kiitaliano, inawekwa wanga tu. Toa viini, chukua kijiko kimoja na nusu cha chakula cha konflawa, vuruga kwenye maziwa kidogo ya baridi, mimina kwenye maziwa yenye sukari yanayochemka, koroga dakika mbili mpaka ladha ya unga mbichi iishe. Kuanzia kupoza endelea vilevile. Inatoka nyeupe zaidi na vanila inasikika wazi kuliko ya mayai, ila ni nyepesi mdomoni, kwa hiyo usiipunguzie krimu.