Fundi anapokwangua rangi ya zamani

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi na dada zangu tumerithi nyumba ya ghorofa hapa Tanga mjini, iliyojengwa kabla ya Uhuru. Madirisha yake ni ya mbao, na miaka nenda miaka rudi yamepakwa rangi ya mafuta juu ya rangi. Juzi fundi alianza kuyapiga msasa kwa mashine: chini ya bluu ikatokea krimu, chini ya krimu kijani, na chini kabisa nyekundu. Vumbi limetanda hadi kwenye mkeka wa barazani anapochezea mjukuu wangu wa miaka miwili. Jirani ananiambia rangi za zamani zina risasi. Fundi anacheka, anasema hunywa maziwa kila jioni na hajawahi kuugua. Nani mkweli?
Bibi wa Tanga

JIBU: Bibi, jirani yako ana haki ya kuogopa, na ningeomba mashine hiyo izimwe leo. Risasi inayosemwa ni madini yaleyale yanayotengenezewa risasi za bunduki. Zamani yalitiwa katika rangi ya mafuta ili ing'ae, ikauke upesi na isichujuke kwa jua na mvua. Marekani ilipiga marufuku rangi hiyo majumbani mwaka 1978. Huwezi kuitambua kwa macho, kwa hiyo, mpaka sampuli ipimwe katika maabara, ichukulieni kuwa inayo. Kuta zilizopakwa chokaa tupu hazinitii shaka kama mbao na vyuma vya madirisha.

Rangi iliyoshikamana vizuri haina madhara makubwa. Balaa ni vumbi. Mtoto hutambaa, hushika mkeka, kisha hutia vidole mdomoni, na mwili wake hufyonza risasi nyingi kuliko wa mtu mzima, ukiidhani ni kalisiamu na kuihifadhi mifupani. Huharibu ubongo unaokua, mara nyingi bila dalili yoyote ya nje, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Mpelekeni hospitali mkaulize kipimo cha risasi katika damu. Mjamzito naye asikae humo wakati wa kazi.

Kuhusu maziwa, sina ugomvi nayo, kwani mlo wenye kalisiamu na madini ya chuma hupunguza kiasi cha risasi kinachofyonzwa. Lakini hayazuii vumbi kuingia mapafuni, na fundi kutojisikia mgonjwa si ushahidi kwamba damu yake ni safi. Barakoa ya kitambaa pia haimtoshi: anahitaji ile ya kuchuja vumbi laini, inayobana uso pande zote.

Kazi ikianza tena, mjukuu ahamie kwa jamaa hadi usafi wa mwisho. Mkeka na vyombo vitolewe, sakafu itandikwe nailoni nzito, nayo nje itandazwe kama mita tatu kutoka ukutani. Mbao zilowanishwe kwa maji kabla ya kukwanguliwa kwa mkono, na zilowanishwe tena zinapokauka. Msasa mkavu wa mashine na tochi ya gesi visitumike kabisa, kwa sababu moto mkali huigeuza risasi kuwa moshi. Pale rangi inaposhika imara, mimi ningeiacha ilivyo na kupaka mpya juu yake, nikikwangua sehemu zinazobanduka tu. Jioni msifagie; futeni kwa kitambaa chenye maji ya sabuni, mkibadilisha maji mara kwa mara. Mabaki yafungwe katika mifuko mizito, yasichomwe wala kutupwa uani, maana kuku wakichakura hapo risasi huingia hata kwenye mayai. Fundi naye aoge na kubadili nguo kabla ya kurudi kwa watoto wake, na nguo hizo zifuliwe peke yake.

Mkinunua rangi mpya, ulizeni kama risasi yake haizidi sehemu 90 kwa milioni, kiwango kinachopendekezwa kimataifa.