Re: Lightning Bolt na Giant Growth, nani aliwahi?

Salama ndugu yangu wa Malindi. Kwa hiyo kwenye mchezo wa kadi wa Magic mmoja kapiga Lightning Bolt (kadi ya pigo la 3) kwenye kiumbe cha 2/2 (nguvu ya kupiga 2, uhimili 2), mwenzake katoa Giant Growth (kadi inayokiongezea kiumbe +3/+3 kwa zamu hiyo), kila mtu anadai kashinda na wewe jaji umekwama. Kwanza usiguse kadi yoyote, uliza ipi ilitangulia kutolewa, maana kwenye Magic iliyotolewa mwisho ndiyo inafanya kazi kwanza. Kama Bolt ilitangulia na Growth ikajibu kabla Bolt haijafanya kazi, kiumbe kishakuwa 5/5 na lile pigo la 3 halikiui. Ila kama Growth ndo ilitangulia na Bolt ikajibu, Bolt inakiua kikiwa bado 2/2 na Growth inaenda bure, haina tena cha kulenga. Huku Lamu tunachezea barazani na ugomvi mwingi nilioamua ni huu huu, basi mimi huwavuta pembeni mmoja mmoja, manake wakisimulia pamoja mwenye sauti kubwa ndo anasikika, na hiyo inamuumiza sana mtoto aliyekuja mara ya kwanza. Wakipishana maneno, amua kwa unachokiamini zaidi na usiyumbe. Halafu uamuzi wako ukizidi dakika moja, waongezee kwenye mechi yao muda waliopoteza.