Kipandauso: hesabu siku unazomeza dawa

Maumivu yangu huanzia nyuma ya jicho la kulia. Kichwa hugonga kama moyo umehamia huko, kisha kichefuchefu hufuata. Mwanga unauma, sauti inauma, hata kupanda ngazi kunauma. Kipandauso kisipotibiwa huweza kudumu saa 4 hadi 72, nami nimezilala zote gizani.

Nilikuwa nikivumilia mpaka nishindwe, ndipo nimeze dawa. Kumbe wakati huo tumbo limeshazubaa na dawa inachelewa kuingia mwilini. Baadaye hofu ikanigeuza, nikawa nameza hata kabla sijaumwa. Daktari akaniuliza: "Mwezi uliopita umemeza siku ngapi?" Sikuwa na jibu. Nikaanza kuandika, na mwezi ulipoisha daftari lilikuwa na siku 19.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwa mtu mwenye kipandauso, dawa za kawaida kama parasetamoli au ibuprofeni zikitumika siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, zenyewe huzaa maumivu ya kichwa. Kwa triptani (dawa maalumu za kipandauso) na dawa zenye kodeini, ni siku 10 tu. Nilipoziacha, wiki za mwanzo zilikuwa mbaya kuliko kipandauso chenyewe. Usifanye hivyo bila daktari.

Sasa nameza mapema, dalili zinapoanza, lakini si zaidi ya siku 2 kwa wiki. Pia natumia dawa ya propranololi kila siku ili kuzuia kipandauso kisianze (wenye pumu haiwafai). Ilichukua karibu miezi 2 kuonyesha kazi yake, na nilikaribia kukata tamaa. Ipe muda.

Daftari lilinionyesha pia siku ambazo kipandauso hunijia: siku za kuruka mlo, siku za kulala kupita kiasi baada ya wiki ngumu, na siku zinazotangulia hedhi. Vyakula nilivyojinyima miaka yote, kwangu havikuwa na hatia.

Kama huona vimulimuli kabla ya kuumwa, na unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, mwambie daktari, maana hatari ya kiharusi huongezeka. Na maumivu makali yanayolipuka ghafla, au yanayokuja na homa na shingo kukakamaa, mkono kulegea au ulimi kuwa mzito, usiyasubirie gizani. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.