Klorini natia, miche bado inaoza

SWALI: Navuta maji bwawani na kuyatia sodiamu hipokloriti (dawa ya klorini) tangini, lakini miche ya nyanya bado inashikwa na kinyausi, ugonjwa wa kuozesha miche. Niongeze dawa?

JIBU: Hapana, ndugu yangu, chuja kwanza. Tope, mwani na majani yaliyooza hula klorini kabla haijagusa kimelea hata kimoja. Unamlisha mgeni asiyealikwa.

Kisha pima pH, yaani kiwango cha asidi ya maji. Katika pH 7.5 ni takriban nusu tu ya klorini huru (ile ambayo bado haijatumika) iliyo katika hali kali, yaani asidi ya hipoklorasi, ikifika 8.5 inabaki takriban moja ya kumi tu. Lenga kati ya 6 na 7.

Kipimo: dawa ya asilimia 5 ina takriban gramu 50 za klorini kwa lita, hivyo mililita 40 katika lita 1,000 hutoa miligramu 2 kwa lita. Hiyo ni karatasini. Wengi hupima tangini wakaridhika. Mimi nakwambia pima kwenye tundu la mwisho la bomba, maana miche hainywi tangini. Ikisoma karibu 2 hapo, inatosha. Ukizidisha sana utaunguza mizizi michanga.

Dawa iliyokaa juani hupungua nguvu, kwa hiyo usiamini lebo ya zamani. Na asidi ya kushusha pH isikutane kamwe na dawa ikiwa haijachanganywa na maji: hutoa gesi ya klorini, nayo huua. Mbolea ya amonia pia itenge, hudhoofisha klorini.

Udongo wa kitalu nao ukague. Kinyausi huishi humo pia.