Mradi wa mfumo endeshi unaomalizika kabla ya muhula kwisha

Nilipokuwa mwaka wa nne hapa Mombasa, niliandika kwenye pendekezo langu la mradi: kuunda mfumo mpya wa faili, yaani sehemu inayopanga faili kwenye diski, kwa ajili ya mfumo endeshi wa Linux. Mwalimu akatia sahihi, nami nikaizunguka Tudor nzima nikijiona bingwa. Wiki ya tisa nilikuwa bado sijaona hata faili moja ikifunguka. Siku ya kuwasilisha, nilipoandika tu amri ya kupachika diski, mashine iliganda mbele ya jopo.

Wadogo zangu, uvivu haukuwamo. Mfumo wa faili hauonyeshi uhai mpaka vipande vingi vikae sawa kwa pamoja: mpangilio wa bloku (vipande vya diski), saraka, kusoma, kuandika. Kimoja kikikosea, vyote vinanyamaza. Siku hizi mwanafunzi akiniletea wazo namuuliza: Ijumaa hii utanionyesha nini kwenye skrini? Akianza kuzungukazunguka, tunapunguza.

Kabla ya kuchagua, jipime kwa xv6, mfumo mdogo wa kufundishia kutoka MIT. Faili yake haiwezi kuzidi bloku 268 za baiti 1,024, kwa sababu inodi, rekodi inayosema data ya faili iko wapi, ina anwani 12 za bloku zenyewe, na moja zaidi inayoelekeza kwenye bloku iliyojaa anwani 256. Zoezi ni kuikuza: chukua moja ya zile 12, iifanye ielekeze kwenye bloku ya anwani 256, na kila moja kati ya hizo ielekeze kwenye nyingine 256. Faili sasa inafika bloku 65,803. Karibu kazi yote iko kwenye vitendakazi viwili, bmap na itrunc. Unahariri asubuhi, mchana unaiwasha ndani ya QEMU, programu inayoiga kompyuta, na ukikosea kernel, yaani kiini cha mfumo, inapiga kelele papo hapo. Usiliwasilishe kama mradi wako, maana ni zoezi linalojulikana mno. Lakini likikumaliza mwezi mzima, draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha iache kwanza.

Halafu hesabu saa. Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwaingiza wanaoanza kwenye miradi ya programu huria, ulioanza 2005, hupima miradi kwa saa 90, 175 au 350. Ukizigawa 175 kwa wiki 12, unapata kama saa 15 kwa wiki. Toa humo siku za mitihani, jioni ambazo stima imepotea, na siku za kungoja msimamizi aliyelala upande mwingine wa dunia asome kiraka chako, yaani mabadiliko ya msimbo uliyomtumia. Ndiyo maana nawaambia tarehe yenu ya mwisho ni katikati ya muhula. Nusu iliyobaki ni ya marekebisho. Haiku, mfumo endeshi uliofuata nyayo za ule wa zamani wa BeOS, ulianza 2001 na beta yake ya kwanza ikatoka 2018, na hao ni watu wanaoijua kazi yao.

Kama ni draiva, shika kifaa kwanza. Kile kidude cha USB cha Wi-Fi kinachokusumbua kila siku kinafaa kuliko kadi ya bei mbaya uliyoiona kwenye picha tu, kwa sababu utakichomoa na kukichomeka mara mia.

Na laptopu ya mtumba isikutie aibu. Kukompaili kernel yote ya Linux, yaani kugeuza msimbo wake kuwa programu, kunaweza kuikesha. Amri ya make localmodconfig huziondoa moduli (vipande vya kernel) ambazo mashine yako haizitumii, na muda unapungua sana.

Kabla ya kutuma pendekezo, rekebisha kitu kimoja kidogo kwenye saraka ileile ya msimbo unayotaka kufanyia kazi. Kiraka changu cha kwanza kilikuwa mistari minne. Kilirudishwa mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu nilijongeza mistari kwa nafasi badala ya tab, jambo ambalo checkpatch.pl, programu ya Linux ya kukagua viraka, ingeniambia kwa sekunde moja kama ningeiendesha.