Msichukue hela ya asilimia 40 kabla hamjahesabu miezi yenu

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Mko wawili, programu yenu inafanya kazi nusu, mna mchanganuo wa biashara wa kurasa 42, rafiki wa tatu anataka agawiwe sawa na ninyi, na kuna mtu mwenye hela yuko tayari kuwapa ya kuendeshea mwaka mzima mkimkatia asilimia 40. Unauliza mchukue au muache.

Kwa masharti hayo, acheni. Wachangiaji wengi hapo juu wameshasema asilimia 40 ni nyingi, na kweli ni nyingi, ila mimi kinachonitisha zaidi ni kwamba katika maelezo yako yote hujasema hiyo hela inakwenda kununua nini. Umeandika "kukuza kampuni". Na sisi tuliandika hivyohivyo.

Tulikuwa watatu. Tulitengeneza programu ya gereji: gari gani limeingia, vipuri gani vimetumika, fundi yupi kafanya nini. Mwenzetu mmoja alikuwa na mjomba mwenye gereji aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba vipuri vinapotea, tukaamini kilio cha mjomba ni kilio cha gereji zote. Mchanganuo wetu ulikuwa mzuri kuutazama. Jedwali la miaka mitano lilionyesha kwamba mwaka wa tano tutakuwa na gereji elfu nne. Hizo elfu nne sijui tulizitoa wapi. Nadhani mtu alivuta kona ya jedwali kwenda chini, kompyuta ikajaza yenyewe. Baada ya mwezi wa pili hakuna aliyelifungua tena faili lile.

Karatasi iliyokuja kutufaa ilikuwa ya ukurasa mmoja. Hela iliyoko benki, inayotoka kwa mwezi, inayoingia kwa mwezi. Toa inayoingia kwenye inayotoka, gawanya iliyoko benki kwa jibu hilo, unapata miezi mliyobakiwa nayo. Chini yake sentensi moja: miezi hii ikiisha tuwe tumethibitisha nini? Mnaweza kuiandika usiku wa leo. Ila msijidanganye kwamba miezi yote hiyo ni ya kazi. Sisi tangu salamu ya kwanza na mwekezaji hadi hela kuingia benki ilituchukua miezi sita, na aliyebakiwa na miezi miwili hajadiliani na mtu, anaomba. Ukiona 12, hesabu sita.

Sasa la rafiki wa tatu, maana hapa ndipo nilipoumia. Sisi tuligawana sawa kwa sawa siku ya kwanza, kwa moyo mweupe, tukasajili. Mwezi wa saba mwenzetu akapata ajira nzuri, akaondoka. Hatukugombana, hata sherehe ya kumuaga tulifanya. Lakini aliondoka na theluthi ya kampuni. Mwekezaji wa kwanza wa maana tuliyekaa naye mezani alifungua orodha ya wenye hisa, akauliza huyu ni nani, tukajibu hayupo, akafunga. Tulikaa karibu mwaka mzima tukimbembeleza mwenzetu aziuze hisa zake, na hela tuliyomlipa ilitakiwa kwenda kwenye mishahara. Dawa yake ilikuwepo na ni ya kawaida kabisa: hisa za waanzilishi huiva kwa miaka minne. Ukiondoka kabla ya mwaka wa kwanza kwisha huondoki na kitu. Ukifikisha mwaka, robo inakuwa yako, kisha zinazobaki zinaiva kidogokidogo kila mwezi. Tungekuwa na karatasi hiyo, mwezi wa saba angeondoka na baraka zetu tu. Wekeni sharti hilo hata ninyi wawili mlioanza. Na anayekataa sharti la kubaki ameshakwambia kitu.

Turudi kwenye hela. Baada ya kumalizana na mwenzetu tulipata mwekezaji mdogo, na kosa tulilofanya ni kuajiri wauzaji wanne mwezi uleule. Walikuwa wazuri kweli, na gereji zikaingia. Kila Ijumaa tulipiga makofi kwa idadi ya wateja wapya. Ila hakuna aliyekuwa akihesabu wanaotoka. Nilipokaa kuhesabu nikakuta kila mwezi watano katika kila mia wanaacha. Watano unaweza kuwaona wachache. Fanya hesabu: mwezi wa kwanza wanabaki 95, wa pili 90 na kidogo, na ukifika mwaka katika wale mia wamebaki 54. Tulikuwa tunajaza pakacha maji, na waliokuwa wakiyachota tunawalipa mshahara. Miezi yetu 11 ikashuka hadi mitano, huku chati ya wateja wapya ukutani ikipanda.

Tukawaachisha kazi watatu. Sitalisimulia hilo kwa urefu. Niliwaambia mwenyewe, mmoja baada ya mwingine, na wa pili alikuwa ametoka kuhamisha familia.

Kilichotuokoa hakikuwa kikao. Nilichukua kiti nikaenda kukaa kwenye gereji ya mteja mmoja, siku tisa, asubuhi hadi jioni. Siku ya kwanza tu niligundua fundi hagusi programu yetu. Atagusaje na mikono ina grisi? Kazi zote zilikuwa zimeandikwa kwa chaki ubaoni, na mpokezi ndiye aliyekuwa akizinakili jioni ili bosi asilalamike. Siku ya tatu nikaona jambo ambalo mjomba wa mwenzetu hakuwahi kulitaja: gari liko juu ya mashine ya kunyanyulia, limefunguliwa, fundi amekaa. Anasubiri nini? Mwenye gari akubali bei ya kipuri. Mpokezi anapiga simu, haipokelewi, anapiga tena mchana. Gari lilikaa pale siku mbili, na nafasi ile ingeweza kupitisha magari mengine manne. Hasara kubwa ya gereji ilikuwa kusubiri, wala sio wizi wa vipuri. Tukatengeneza kitu kidogo mno: mpokezi anapiga picha ya kipuri kibovu, anaandika bei, mwenye gari anapata ujumbe kwenye simu na kubofya kukubali au kukataa. Wiki mbili za kazi. Nusu ya yale tuliyojenga mwanzo tuliyafuta, na wanaoacha walishuka hadi chini ya mmoja katika mia kwa mwezi.

Waanzilishi wa Airbnb, kampuni ya kupangisha nyumba na vyumba mtandaoni, walifanya la aina hiyo mwaka 2009. Watu walikuwa hawaweki nafasi New York, wao wakaenda nyumba kwa nyumba, wakaona tatizo ni picha mbaya, wakaanza kuzipiga wenyewe. Huwezi kuiendesha kampuni kubwa namna hiyo, lakini kampuni ikiwa changa hakuna njia nyingine ya kulijua tatizo lenyewe.

Ndipo tukaanza kuuliza wateja kama wanaweza kulipa mwaka mzima mbele, kwa punguzo la miezi miwili. Nilidhani watatucheka. Karibu theluthi walilipa. Ile ndiyo hela rahisi kuliko zote nilizowahi kupata, haikuchukua hata hisa moja. Mailchimp, kampuni ya kutumia wateja barua pepe za matangazo, ilianza 2001, ikakua kwa hela za wateja bila mwekezaji wa nje, na mwaka 2021 kampuni ya programu ya Intuit ikainunua kwa takriban dola bilioni 12. Simaanishi ninyi mtakuwa Mailchimp. Ziko biashara zisizoanza bila mtaji mkubwa, kama za dawa au mitambo, lakini programu ya watu wawili haimo humo.

Mkiona bado mnamhitaji mwekezaji, shikeni kalamu. Akitaka asilimia 40, maana yake hela yake ni 40 katika kampuni nzima ya 100, na kila mlichofanya hadi leo kimethaminiwa 60. Ninyi mnabaki na asilimia 60. Raundi inayofuata, yaani mkichangisha tena mtaji kwa wawekezaji, mkitoa 20, zinabaki 48. Inayofuata tena 20, zinabaki 38.4. Kwa wawili ni 19.2 kila mmoja. Kwa watatu, 12.8. Na hapo hujatenga hisa za wafanyakazi. Mwekezaji wa raundi ya pili ataiona hesabu hii kabla yenu, na atajiuliza kwa nini mtu aendelee kukesha kwa kipande hicho. Wengine wanakataa kwa sababu hiyo tu. Hela ya kwanza ikichukua kati ya asilimia 10 na 20, hapo mnaweza kuzungumza.

Au mwombeni aingie kwa SAFE, mkataba mfupi uliotolewa mwaka 2013 na Y Combinator, kampuni ya Marekani inayowekeza kwenye kampuni changa. Anatoa hela leo, hisa anapata baadaye ikifanyika raundi ambayo hisa zimepangiwa bei, na mnakubaliana ukomo wa juu wa thamani ya kampuni utakaotumika kumhesabia. Toleo la 2018 ni rahisi kulipigia hesabu: gawanya hela yake kwa ukomo huo, unapata asilimia yake. Akiweka moja kwenye ukomo wa kumi, ni asilimia 10. Mtego wake ni kwamba mnaweza kusaini ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila moja mkiiona ndogo. Kwenye toleo hilo wenye SAFE hawapunguzani wao kwa wao. Zote zinakatwa kwenye fungu lenu. Sisi tulisaini nne. Siku ya kujumlisha nilirudia hesabu mara tatu nikidhani nimekosea.

Kwa hiyo kwa huyo jamaa wa asilimia 40, mjibuni kwa heshima kwamba mnahitaji wiki sita, msimfungie mlango. Katika wiki hizo kila mmoja wenu akae na wateja watano mahali wanapofanyia kazi, na muwaombe walipe, hata kidogo, hata kwa programu yenu hiyo ya nusu. Rafiki wa tatu naye apewe watano wake, kabla hamjazungumza hisa. Yule mwenye hela akikubali masharti yabadilike, hakikisheni mwanasheria wenu, sio wake, anausoma mkataba. Halafu rudi hapa na ile karatasi ya ukurasa mmoja, tuipitie pamoja. Ile ya kurasa 42 iache kwanza.