Jina kwenye ukingo halithibitishi medali

SWALI: Nipo Kilwa. Nimeletewa medali ya fedha ya jeshi la majini la Uingereza, ile inayoitwa DSM (Distinguished Service Medal), yenye sura ya Mfalme George wa Tano. Ukingoni imepigwa namba, jina la baharia, cheo cha A.B. na jina la meli yake, H.M.S. Severn. Muuzaji wa Dar es Salaam anasema baharia huyo alikuwepo Rufiji manowari ya Kijerumani Königsberg ilipozamishwa. Amenipa nakala ya London Gazette, gazeti rasmi la serikali ya Uingereza, yenye jina lilelile, pamoja na cheti cha uhalali, na anataka bei ya pikipiki mpya. Rafiki yangu wa Mombasa naye ana medali ya msalaba ya DSC (Distinguished Service Cross) isiyo na jina, akaambiwa ni bandia kwa sababu hiyo. Je, nilipe? Niisafishe? Na habari za baharia huyu nitazipata wapi?

JIBU: Ndugu yangu, usilipe bado. Na Brasso, ile dawa ya kung'arishia, iweke mbali kabisa. Medali ya fedha ikisuguliwa hupoteza nywele na ndevu za mfalme, kisha herufi za ukingoni, na hizo herufi ndizo tunazohitaji kuzichunguza.

Sasa niseme linalonikera, kwa sababu swali lako limekuja kwangu kwa sura nyingi na kosa ni lilelile. Watu wameaminishwa kwamba medali yenye jina ni halali, na isiyo na jina ni bandia. Kanuni hiyo ni ya uongo pande zote mbili, na ndiyo inayowalisha matapeli.

Tuanze na karatasi uliyopewa. London Gazette inathibitisha jambo moja tu: kwamba baharia mwenye jina na namba hiyo alitunukiwa. Haisemi lolote kuhusu kipande cha fedha kilicho mkononi mwako. Anayeghushi anasoma gazeti hilohilo unalolisoma wewe, na siku hizi linasomeka kwenye simu. Hawezi kuhangaika kupiga jina lisilokuwemo humo. Analichagua jina kwanza, tena la mtu aliyepigana mahali penye hadithi nzuri, halafu ndipo anatengeneza medali. Kwa hiyo jina kuonekana kwenye orodha, jambo ambalo kwako ni ushahidi, kwake ni hatua ya kwanza ya kazi. Cheti cha uhalali sikijadili. Kimeandikwa na mtu yuleyule anayetaka hela zako.

Upande wa pili ni msalaba wa rafiki yako. DSC ilianzishwa mwaka 1901 kwa jina la Conspicuous Service Cross, ikabadilishwa jina Oktoba 1914, na ilikuwa ya maofisa. Ilitolewa bila jina la mpokeaji. Za Vita vya Kwanza nyuma zina alama za ubora wa fedha tu. Kuanzia 1940 huongezwa mwaka wa kutunukiwa, umechongwa kwenye mkono wa chini wa msalaba. Ukiikuta DSC ya vita hivyo viwili yenye jina nyuma, ujue mwenyewe au jamaa zake walimpelekea sonara akachonge. Hiyo haiifanyi kuwa bandia, ila wala haiifanyi kuwa halali zaidi. Aliyemwambia rafiki yako kwamba msalaba wake ni bandia kwa kukosa jina amemwambia kwamba ni bandia kwa kuwa kama zilivyo zote. Kazi yake rafiki yako ni kuulinda pamoja na karatasi, barua na medali nyingine zilizokuja nao, kwa sababu bila hivyo hakuna kitu kinachoufunga msalaba huo kwa mtu yeyote.

DSM ni habari nyingine. Ilianzishwa Oktoba 1914 kwa mabaharia wa vyeo vya chini ya ofisa na wanajeshi wenzao wa Royal Marines, na jina lilipigwa ukingoni kwa chapa. Nyingi za Vita vya Kwanza zina jina la meli, na baadhi zina mahali au tarehe ya tukio. Kwa hiyo yako kuwa na jina ni kawaida. Swali ni jina hilo limefikaje pale.

Chukua lenzi ya sonara na mwanga wa pembeni. Herufi zilizopigwa kwa chapa huzama wima, kina chake ni kimoja, na umbo la herufi moja hujirudia vilevile kila inapotokea. Herufi zilizochongwa kwa mkono huonyesha njia ya patasi na hutofautiana kidogo. Kisha tazama nafasi kati ya herufi, halafu linganisha na picha za DSM nyingine za miaka hiyohiyo ambazo historia yake inajulikana tangu familia ya kwanza. Usilinganishe na picha alizokutumia muuzaji.

Halafu chukua kalipa, si rula. Kipenyo cha medali hii ni milimita 36. Anayetaka kubadilisha jina lazima alifute la zamani kwa tupa, na tupa inakula fedha. Pima sehemu nyingi kuzunguka duara. Ikiwa upande wenye jina umepungua kuliko upande wa juu karibu na kibanio cha kuning'inizia, au ukingo una mikwaruzo inayokwenda mwelekeo mmoja chini ya herufi, jina hilo limekuja baadaye. Angalia pia kibanio chenyewe kama kimechomelewa upya.

Sumaku na ndimu, ambavyo najua utashauriwa uvitumie, haviamui chochote. Fedha haivutwi na sumaku, lakini shaba, madini ya risasi na madini ya bati pia hayavutwi. Na hata sonara akikuhakikishia ni fedha safi, nakala nyingi za wakusanyaji zimetengenezwa kwa fedha safi. Zinauzwa kihalali kabisa zikiwa na neno la kuonyesha kuwa ni nakala, kisha mtu wa pili analifuta neno hilo na kuipandisha bei.

Njia chafu kuliko zote ni hii, na huwanasa hata wazoefu. Baharia wa kweli aliyetunukiwa DSM alipata pia medali za kawaida za vita: 1914-15 Star, British War Medal na Victory Medal, zote zikiwa na jina lake. DSM yake imepotea. Muuzaji ananunua zile tatu za kweli kwa bei ndogo, anaongeza DSM ya kughushi yenye jina hilo, anaziunganisha kwenye pini moja na kuuza kama seti. Mnunuzi anakagua tatu, anaridhika, na ya nne anaipokea kwa heshima ya wenzake. Kila medali ikaguliwe peke yake. Na ukiletewa seti ya baharia wa Rufiji yenye 1914 Star, simama hapo. Nyota hiyo ilikuwa ya waliohudumu nchi kavu Ufaransa na Ubelgiji kati ya Agosti na Novemba 1914. Baharia aliyekuwa kwenye manowari mwambao wetu mwaka huo alistahili 1914-15 Star.

Sasa huyo mtu wako. Usiridhike na neno Severn. Königsberg iliizamisha HMS Pegasus bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikajificha kwenye delta ya Rufiji, ikagunduliwa na HMS Chatham mwishoni mwa Oktoba. Meli kubwa hazikuweza kuingia kwenye maji yale mafupi. Ndipo zikaletwa Severn na Mersey, zilizoundwa Uingereza kwa ajili ya Brazili, zenye kina kidogo cha maji. Zilishambulia tarehe 6 Julai 1915 zikashindwa, zikarudi tarehe 11 na kumaliza kazi, ndege zikiruka kutoka Mafia kuelekeza mizinga. Ndege ya rubani Cull na mwangalizi wake Arnold ilipigwa siku hiyo. Arnold aliendelea kutuma ishara za kurekebisha shabaha huku ndege ikishuka, na wote wawili walinusurika. Ni siku kubwa, na ndiyo sababu jina la meli hii linapandisha bei. Lakini Severn haikuzama Rufiji. Iliendelea na kazi hadi mwisho wa vita, na mabaharia waliingia na kutoka. Mtu aliyejiunga nayo Septemba 1915 hakuiona Königsberg ikielea.

Jibu liko kwenye rekodi yake ya utumishi. Kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, rekodi za mabaharia wa zama hizo ziko katika kundi la ADM 188, na unaweza kuzipata kwa intaneti kwa malipo madogo. Huonyesha kila meli na tarehe ya kuingia na kutoka. Tarehe ndizo muhimu. Na hapa watu hujikwaa: Pembroke, Victory na Vivid zinazojaa kwenye karatasi hizo mara nyingi si meli alizosafiri nazo, ni kambi za Chatham, Portsmouth na Devonport. Nimeona mtu akiuziwa medali kwa maelezo kwamba baharia "alipigana ndani ya Victory", wakati alikuwa akisubiri kupangiwa meli akiwa kambini.

Tazama pia namba ya ukingoni. Kwa walioandikishwa kuanzia 1908, J ni mabaharia wa sitaha na ishara, K ni wachochea makaa, M ni mafundi na wengineo, L ni wahudumu na wapishi wa maofisa, F ni wa kikosi cha ndege cha jeshi la majini. A.B. ni baharia wa sitaha. Kama namba yako inaanza na K huku cheo ni A.B., una jambo la kumuuliza muuzaji kabla ya yote.

Orodha za medali ziko ADM 171. Mapendekezo ya tuzo, yale yanayoeleza mtu alifanya nini hasa, yametawanyika katika ADM 1, ADM 116 na ADM 137, na mengine hayakubaki. Kitabu cha safari cha meli, ADM 53, kitakupa saa na mahali, ila mabaharia wa kawaida hawatajwi humo kwa majina isipokuwa kwa nadra.

Usitegemee Gazette ikusimulie kitendo. Mara nyingi jeshi la majini lilitaja jina na eneo tu, na wakati mwingine hata eneo lilifichwa. Gordon Campbell, aliyeizamisha nyambizi U-83 Februari 1917 kwa meli ya mtego iliyojifanya ya mizigo, alitangazwa kupata Victoria Cross, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, bila kuelezwa alifanya nini, kwa sababu siri ya meli hizo ilikuwa bado inahitajika. Ukimya wa namna hiyo ni shamba la matapeli. Pale nyaraka zinaponyamaza, muuzaji anasema kwa kirefu. Muulize sentensi moja tu: hilo limeandikwa wapi? Akitaja kundi la nyaraka na namba ya faili, nenda kaangalie. Akisema "inajulikana", umeshajibiwa.

Na hili si la wakusanyaji peke yao. Kuna familia za Kenya, Uganda na Tanzania zenye medali za babu waliopigana Burma na King's African Rifles. Burma Star na nyota nyingine za Vita vya Pili walizopewa zilitolewa bila majina. Hivyo ndivyo zilivyotoka kiwandani, kwa Waingereza na kwa wanajeshi wetu. Kisha anapita kijana mwenye begi na simu, anawaambia wajukuu kwamba medali ya kweli lazima iwe na jina, hii ya mzee ni bandia, lakini kwa huruma ataichukua kwa bei ya chai. Nyumba moja baada ya nyingine. Mwenye medali ya babu asiiuze, asiisugue, asiitenganishe na kitabu chake cha kuachishwa jeshi, kwa sababu kitabu hicho ndicho chenye jina.

Watu haohao ndio wanaozunguka na hadithi za hazina ya Mjerumani, rupia zilizozikwa na ramani za Rufiji. Wanawauzia wajinga vyeti, na wajanja wanawapeleka kuchimba. Makaburi ya mabaharia wa Pegasus yako kisiwani Chapwani, Zanzibar. Ukiletewa kitu ukaambiwa kimetoka kaburini au kwenye mabaki ya meli, usikiguse na usikinunue. Katoe taarifa kwa wahusika wa mambo ya kale.

Wewe wa Kilwa, mwambie muuzaji unataka mambo mawili kabla ya fedha kutoka: nafasi ya kuupiga picha ukingo mzima, kwa karibu, mwanga ukitokea pembeni, na wiki mbili za kuipata rekodi ya ADM 188 na kulinganisha tarehe na tarehe 11 Julai 1915. Medali imekaa zaidi ya miaka 100, wiki mbili haziiharibu. Akikuambia kuna mteja mwingine anasubiri, mwachie huyo mteja.